Kuongoza mazungumzo ya maadili juu ya andiko fupi: kiongozi aseme nini, na anyamaze wapi

Suali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na jioni ninaendesha kikundi cha kusoma chenye vijana, kina mama wachache na wazee wawili watatu wa mtaani. Tumekubaliana tuwe tunasoma andiko fupi na kulijadili kwa njia ya masuali, ile inayoitwa ya Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ili tuzungumzie uaminifu, haki, sitara na mambo mengine ya maadili. Lakini kila tukikaa huwa yale yale: vijana wananisubiri mimi niseme jibu, mzee anatoa methali na mazungumzo yanakufa, au ustadhi anasoma hadithi na hakuna anayethubutu kusema baada yake. Nikijizuia kusema naambiwa siongozi, nikisema inageuka darsa. Je, kazi ya kiongozi ni ipi hasa? Na si hatari kuwaacha vijana waondoke bila ya jibu katika mambo ya maadili?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullah, mwalimu mwenzangu. Kiongozi wa mazungumzo ya namna hii ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kila linalosemwa linarejeshwa kwenye andiko lililo mbele ya watu, na ya pili ni kuhakikisha kwamba kila aliyesema ametoa sababu, na kwamba wenzake wameisikia na kuielewa sababu hiyo. Hukumu ya mwisho juu ya jambo lenyewe haimo katika kazi yake. Ukilishika hilo utaona kwamba kunyamaza kwako hakuna kosa, ilimradi unyamaze kuhusu rai yako tu. Kuhusu andiko na kuhusu sababu za watu kiongozi ana mengi ya kusema jioni nzima, na ikiwa robo saa imepita hujafungua mdomo kabisa, basi waliosema kwamba huongozi wana haki yao.

Inafaa tujue kwanza jambo hili limetoka wapi, kwa sababu wengi hudhani tunamwiga Sokrates mwenyewe. Sokrates hakuandika kitu. Tunayoyajua kuhusu mazungumzo yake tumeyapata zaidi kwa wafuasi wake, Plato na Xenophon, na katika maandiko ya Plato mara nyingi anamhoji mtu mmoja mbele ya wengine mpaka mtu yule anajikuta ameipinga kauli yake mwenyewe. Njia hiyo ina makali, na watu wa Athens hawakuivumilia milele: mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa walimhukumu kifo kwa tuhuma kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Kumhoji mzee wa Chake Chake kwa namna ile mbele ya wajukuu zake ni kumvunjia heshima, na sikushauri ujaribu.

Tunachokifanya sisi ni cha watu wa karne ya 20, nacho kina njia mbili. Mwanafalsafa wa Kijerumani Leonard Nelson, katika mhadhara alioutoa Göttingen mwaka 1922, alishikilia kwamba mwalimu azuie kabisa rai zake ili wanafunzi wafikiri wao wenyewe, na mwanafunzi wake Gustav Heckmann akaiendeleza njia hiyo kwa miaka mingi, akiyajenga mazungumzo juu ya tukio la kweli lililompata mmoja wa waliokaa. Huko Marekani, mwanafalsafa Mortimer Adler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliliweka andiko katikati. Kutokana na juhudi hizo lilianzishwa mwaka 1947 shirika la Great Books Foundation, linalowafundisha watu wa kawaida kuongoza mazungumzo ya vitabu, na zikaanza semina za Aspen, katika jimbo la Colorado, ambako wakuu wa makampuni na wa serikali husoma kurasa chache na kuzijadili tunu zilizomo. Adler huyo huyo, mwaka 1982, aliigawa kazi ya ualimu katika sehemu tatu: kutoa elimu, kuzoeza ustadi, na kuuliza masuali juu ya andiko ili fahamu ipanuke. Mgawanyo huo utakusaidia kuelewa malalamiko ya kikundi chako, maana wenzako wanatazamia sehemu ya kwanza, ambayo wameizoea skuli na msikitini, na wewe unawapa ya tatu bila ya kuwaambia. Waambie mapema, siku ya kwanza, kwamba hiki si kikao cha kufundishwa na kwamba hakikuja kuchukua nafasi ya darsa.

Baina ya njia hizo mbili, mimi kwa hapa kwetu nachagua ya andiko, na sababu yangu kubwa ni adabu. Mtoto wa Kizanzibari analelewa akijua kwamba kauli ya mkubwa haipingwi mbele za watu. Sasa ukiuliza tu, «Uaminifu ni nini?», na mzee akajibu, kijana anayeona vingine ana njia mbili: anyamaze, au ampinge mzee. Atanyamaza, na wala si kwa sababu hana la kusema. Lakini andiko likiwepo anaweza kusema, «Samahani Mzee, mimi naona mstari wa saba unakwenda upande mwengine», na hapo hajampinga mtu, ameuonesha mstari. Mzee naye anaweza kuutazama upya mstari huo na kubadilisha rai yake bila ya fedheha, kwa kuwa kilichobadilika ni usomaji wa karatasi, wala hadhi yake haikuguswa. Kwa ufupi, andiko linakubali kubeba ubishi ambao mtu hawezi kuubeba. Ndiyo maana nasema kiongozi akiliacha andiko likapotea, akawaachia watu wazungumze hewani, amewanyima vijana kitu pekee kilichokuwa kikiwapa ruhusa ya kusema.

Njia ya Heckmann, ya kuanza na tukio la mtu, ni nzuri mahali ambapo watu hawajuani. Pemba huwezi kusema «kuna jirani yangu mmoja» na watu wasimjue ni nani, na pengine shemeji yake ndiye aliyekaa mkabala nawe. Visa vya maisha vitakuja vyenyewe baadaye, na vikija muwe mmekubaliana tangu mwanzo kwamba hatajwi mtu aliye hai, na kwamba lililosemwa kikaoni haliendi barazani.

Andiko lenyewe liwe fupi, ukurasa mmoja au pungufu, na liwe na tendo ndani yake: mtu amefanya jambo, na watu wenye akili zao wanaweza kuhitilafiana kama alifanya sawa. Epuka andiko ambalo lenyewe limekwisha kutoa waadhi. Makala inayosema kwamba uaminifu ni sifa njema haikubakishii suali lolote, na watakachofanya watu ni kuikariri kwa zamu. Epuka pia mambo ya siasa ya juzi na jana, kwa sababu kwetu hapa, ifikapo sentensi ya pili, kila mtu ameshajua mwenzake yuko upande gani, na kuanzia hapo huongei na watu tena, unaongea na vyama. Kuhusu aya na hadithi, sizishauri ziwe andiko la kikundi hiki. Kuzifahamu kuna elimu yake na wenyewe, na suali la wazi kama «wewe unaionaje?» si adabu ya kuzisomea.

Lipige chapa kwa herufi kubwa, uupe kila mstari nambari, na kila mtu awe na nakala yake mkononi. Lisomwe kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawili tofauti, kwa sababu kutakuwa na aliyesahau miwani na kutakuwa na asiyesoma vizuri ambaye hatapenda kusema hivyo. Nambari za mistari utaziona ni jambo dogo mpaka siku utakapozikosa.

Sasa masuali. Kuna suali la yaliyomo, ambalo jibu lake limeandikwa na linaoneshwa kwa kidole. Kuna suali la maana, ambalo jibu lake halikuandikwa wazi lakini lina dalili katika mistari. Na kuna suali la hukumu, linalotuuliza sisi wenyewe tunaonaje. Kwa kuwa kikundi chako kimekusanyika kwa ajili ya maadili, kila mtu atataka kurukia la tatu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu watu wanakuwa wanamhukumu mtu ambaye bado hawajakubaliana amefanya nini. Muda mkubwa utumike katika suali la pili. Kwa kikao cha saa moja na nusu, mimi huwa sifiki kwenye hukumu kabla ya saa moja kupita.

Suali la kufungulia liandike nyumbani, na kulipima kwake ni rahisi: chini yake andika majibu mawili yanayopingana, na kila jibu liwe na mstari wake katika andiko. Ukipata jibu moja tu lenye dalili, hilo si suali la kujadiliwa, litupe. Na ukiona kwamba wewe mwenyewe umeshalijua jibu na unachosubiri ni watu walifikie, litupe pia, maana watu wazima wanalitambua mara moja suali la mtego, na wakishalitambua wanaacha kufikiri na kuanza kukisia Mwalimu anataka nini. Masuali yanayoanza kwa «Je, si kweli kwamba…» yote ni darsa.

Nikuoneshe kwa mfano. Chukua hekaya ya Abunuwasi na sufuria, ambayo kila mtu wa pwani hii ameisikia kwa namna yake. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake. Alipoirudisha, ndani yake mlikuwa na sufuria nyengine ndogo, na jirani alipouliza, akaambiwa kwamba sufuria yake imezaa. Jirani akazipokea zote mbili kwa furaha. Baada ya siku kadhaa Abunuwasi akaja kuazima tena, akapewa bila ya kuulizwa kitu, na safari hii hakurudisha. Jirani alipokwenda kuidai, akaambiwa kwamba sufuria imefariki. Akapiga kelele kwamba sufuria haifi, wakafikishana kwa kadhi, na kadhi akahukumu kwamba aliyekubali sufuria yake huzaa hana budi akubali pia kuwa hufa, kwani kila kizaacho hufa. Iandike kwa mistari ishirini hivi, uikate hapo hapo kwenye hukumu, wala usiongeze funzo la mwisho, hata kama mkono unakuwasha.

Suali la kufungulia ninalolipendekeza ni hili: siku ile aliporudishiwa sufuria mbili, jirani aliamini kwamba sufuria yake imezaa? Kijana wa kwanza atasema hakuamini, nani mwenye akili anayeamini hayo. Usimsifu wala usimpinge, muulize tu ni mstari gani unaoonesha kwamba hakuamini. Atatafuta, na ataona kwamba andiko halisemi hivyo, linasema alizipokea kwa furaha. Hapo mwengine atadakia kwamba basi aliamini. Pengine mama mmoja atasema kwamba kufurahi si kuamini, kwani hata yeye akirudishiwa chenji iliyozidi dukani anafurahi kabla ya kufikiri, na watu watacheka. Kicheko hicho usikiache kipite, kwa kuwa mama yule amesema jambo kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Lirejeshe: «Bi mkubwa anasema mtu anaweza kukifurahia kitu bila ya kukiamini. Kuna anayeona kwamba furaha ya jirani katika mstari huu ni ya mtu aliyeamini?» Halafu ngoja. Atatokea mtu kuonesha kwamba mara ya pili jirani alitoa sufuria bila ya kuuliza kitu, na watu watagawanyika: wako watakaosema ni dalili ya imani, na wako watakaosema ni dalili ya tamaa, kwamba alikuwa anangojea nyengine izaliwe.

Wakishagawanyika hivyo, suali la pili linakuja lenyewe: kama jirani hakuamini, kadhi alimhukumu kwa kosa gani? Mmoja atasema kwa tamaa yake. Mwengine, na mara nyingi huwa ndiye aliyekuwa kimya muda wote, atasema kwamba kadhi hahukumu yaliyomo moyoni, amehukumu kauli na kitendo: jirani alipokea, na kupokea ni kukubali. Hapa umefika mahali pazuri sana, na bado hamjamwambia mtu kwamba uaminifu ni kitu chema. Ndipo unaweza kuuliza suali la hukumu: mtu anayenyamaza mbele ya uongo kwa kuwa unamfaa, naye amesema uongo? Na Abunuwasi, ambaye andiko halisemi popote kwamba alikusudia kumfundisha mtu, amemrudi mwenye tamaa au ameiba sufuria kwa werevu? Nimeona watu wazima wakikasirika kweli kweli juu ya suali hili la mwisho, kwa sababu wengi wetu tumekua tukimshangilia Abunuwasi bila ya kumtazama.

Utaona kwamba katika mfano huu maneno ya kiongozi ni machache na yanajirudia: mstari gani, kwa nini, kuna anayeona vingine. La nne, ambalo viongozi wapya hulisahau, ni kumtaka mtu aeleze kwa maneno yake alichosema mwenzake kabla ya kumjibu, na mwenye kauli akubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Linachelewesha mambo, na kuchelewesha huko ndiko kunakotakiwa, kwa kuwa ugomvi mwingi wa maadili ni wa watu wanaojibu kauli ambayo haikusemwa.

Kuhusu vijana wanaokusubiri wewe, sehemu kubwa ya dawa ni kimya. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alichunguza madarasa katika miaka ya 1970 akakuta kwamba mwalimu akishauliza hungojea takriban sekunde 1 tu kabla ya kuuliza tena au kujijibu mwenyewe, na kwamba walipojizoeza kungojea sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojitokeza kusema waliongezeka. Katika kikao chenye wakubwa na wadogo, sekunde 3 hazitoshi, hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Na wakati unapongoja macho yako yawe kwenye karatasi. Ukimtazama mzee umempa zamu, ukimtazama mwanafunzi wako bora umempa yeye, na kikao kizima kinakuona. Kijana akikuuliza moja kwa moja, «Kwani wewe Mwalimu unaonaje?», mjibu kwamba rai yako utampa mkimaliza, kisha mrudishe kwenye mstari aliokuwa akiusoma. Wala usimdanganye: mkimaliza mpe kweli, ukiwa umesimama naye nje, kama rai ya mtu mmoja yenye sababu zake.

Mzee wa methali na ustadhi, hawa hawahitaji mbinu za kikaoni kwanza, wanahitaji kufuatwa nyumbani. Wapitie kabla ya siku yenyewe, uwaeleze unachotaka kufanya, uwaombe msaada. Mzee muombe mambo mawili: awe ndiye msomaji wa kwanza wa andiko, na siku hiyo akubali kusema mwisho, baada ya kuwasikia watoto wake. Muombe pia aliseme hilo mwenyewe mbele ya kikundi. Kijana aliyesikia kwa masikio yake mzee akisema «leo nataka kuwasikia nyinyi» ana ruhusa ambayo mwalimu hana uwezo wa kuitoa. Sijui kwa nini vitabu vya ufundi huu vinavyoandikwa Ulaya na Marekani havilitii maanani jambo hili, nadhani ni kwa kuwa huko mtu anayeitisha kikao ndiye mwenye kikao, na hapa kwetu mambo hayako hivyo.

Na kama methali ikitoka katikati, usiichukulie kuwa ni ukuta. Tuseme katika hekaya yetu mzee amesema, «Funika kombe mwanaharamu apite», akimaanisha kwamba jirani angenyamaza tu asiende kwa kadhi akajiaibisha. Hiyo nayo ni andiko, fupi kuliko yote, na unaweza kuiuliza kama ulivyouliza lile jengine: «Mzee, katika kisa hiki mwanaharamu ni nani, ni Abunuwasi au ni ile tamaa ya jirani? Na lau jirani angelifunika kombe siku ya kwanza, angefunika nini?» Mzee mwenye methali kwa kawaida ana kisa nyuma yake, na ukimuuliza kwa heshima atafurahi kukifungua. Vijana nao wataona kwamba methali inaweza kupingwa na methali nyengine, kwani atatokea wa kusema «mficha uchi hazai», na sasa mna semi mbili za wahenga zinazovutana juu ya tendo moja, na kikundi kina kazi ya kuamua ipi inamfaa jirani huyu.

Kwa ustadhi tofauti ni moja: hadithi yenyewe haiwekwi kwenye mjadala. Mshukuru, kisha uliza inavyolihusu andiko: «Tukiichukua hadithi hiyo kama ilivyo, Ustadhi, jirani alitakiwa afanye nini katika mstari wa sita?» Baada ya yeye kujibu, waulize wengine suali hilo hilo. Kulinganisha mafundisho na tendo fulani ni jambo ambalo hata mama muuza maandazi ana la kusema juu yake, kwa kuwa yeye ndiye anayerudisha chenji kila siku. Likitokea suali la hukumu ya fikihi, kwa mfano kama aliyepokea sufuria ndogo alipaswa kuirudisha, liandike kwenye karatasi pembeni, na umuombe ustadhi alifanyie darsa siku nyengine. Akiona kwamba nafasi yake imelindwa hatakuwa na haja ya kuilinda mwenyewe.

Nije sasa kwenye hofu yako, ambayo naiona ni ya haki. Kuondoka bila ya jibu la kiongozi hakumaanishi kuondoka bila ya jibu. Kijana aliyelazimika kuonesha mstari, kutoa sababu na kusikiliza sababu ya mwenzake anaondoka na rai iliyopimwa, na huenda ikawa ile ile aliyokuja nayo. Yule aliyeambiwa jibu anaondoka nalo vile vile, ila hajui litasimama wapi siku atakapokutana na mtu mwerevu wa kulipinga, na mitandaoni siku hizi hawakosi. Wala njia hii haisemi kwamba katika maadili kila rai ni sawa na nyengine. Kinyume chake, kumuuliza mtu sababu ni kukubali kwamba ziko sababu nzuri na ziko mbaya, na rai isiyokuwa na sababu mara nyingi huanguka yenyewe mbele ya wenzake bila ya kiongozi kuigusa.

Lakini kujizuia huko kuna mpaka. Mtu akimkejeli aliyekaa naye, kiongozi anasimamisha mazungumzo hapo hapo. Mtu akitaja jambo la kweli kwa makosa, tuseme amedai kwamba andiko linasema kitu ambacho halikisemi, au ameieleza sheria ya nchi kinyume na ilivyo, unasahihisha, kwa kuwa hilo si suala la rai. Na kijana akifichua kwamba yeye mwenyewe anadhulumiwa, kwake yeye mazungumzo ya andiko yamekwisha: muondoe kwa upole, zungumza naye peke yake, umfikishe kwa mtu anayeweza kumsaidia. Sitara tuliyokubaliana kikaoni haiwi kifuniko cha dhulma.

Kikao kifunge kama dakika 10 kabla ya Magharibi, na usifanye majumuisho, kwani majumuisho ya kiongozi ndiyo rai yake iliyochelewa. Dakika hizo zitumie kuzungumzia mazungumzo yenyewe, kama alivyokuwa akifanya Heckmann: ni nani aliyekatizwa, ni wapi tuliliacha andiko, kuna aliyetaka kusema akashindwa, na kama alishindwa ni kwa nini. Yale malalamiko kwamba huongozi yanatakiwa yaje hapa, wakiwepo wote, na utakuta wenzako wenyewe wanajibizana juu yake.

Baada ya Abunuwasi, ambaye anawalegeza watu kwa kicheko, nenda kwenye jambo zito zaidi. Plato ameandika namna Kriton alivyomfuata rafiki yake Sokrates gerezani kabla ya alfajiri, akiwa na mipango ya kumtorosha, na Sokrates akakataa kutoroka ingawa wote wawili waliiona hukumu ile kuwa ni ya dhulma. Ueleze mvutano wao kwa Kiswahili chako katika ukurasa mmoja, hoja za Kriton zikiwa na nguvu sawa na za mwenzake, maana wengi huzidunisha. Kriton anataja watoto wa Sokrates watakaobaki yatima, na katika kikundi chenye kina mama hoja hiyo haitapita kimya kimya.

Andiko la tatu ningechagua beti za Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa nasaha huko Pate mwaka 1858, naye yumo katika ugonjwa. Humo mna heshima, ulimi, utii kwa mume na namna ya kuishi na watu, na vijana wa leo, wa kike na wa kiume, hawatakubaliana juu yake hata kidogo. Lugha yake ni ya Kiamu, lahaja ya watu wa Lamu, kwa hivyo siku hiyo anza na masuali mengi ya yaliyomo, mpaka uwe na hakika kwamba kila mmoja ameelewa ubeti unasema nini kabla ya kuupenda au kuukasirikia. Beti 8 zatosha kwa jioni moja, nawe mtafute mama anayezijua tenzi ndiye azisome.